Nani Anajua Bomba Limepita Wapi?

Jina Eldoret lina mawe ndani yake. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba linatokana na eldore, neno la Kimaasai la mto wenye mawe, kisha Wanandi wakaliongezea mkia wao. Mto wenyewe ni Sosiani. Kabla ya jina hilo kuwa rasmi mwaka 1912, hapa paliitwa Sitini na Nne, kwa sababu posta ya kwanza, ya mwaka 1910, ilifunguliwa kwenye Shamba nambari 64. Wazee hadi leo watakuambia wanaenda Sisibo. Makaburu waliofika Uasin Gishu na magari ya ng'ombe mwaka 1908 walijichukulia mashamba mazuri, na mji ukawekwa pale udongo ulipokuwa mwembamba. Chini ya udongo huo kuna mwamba wa volkano ambao wanajiolojia wanauita fonolaiti ya Uasin Gishu. Muulize yeyote aliyewahi kuchimba choo mahali ambapo mwamba uko karibu. Futi chache tu na sururu inaanza kutoa cheche.

Naanza na mawe kwa sababu historia ya majitaka, ukiitazama vizuri, ni historia ya kuchimba: nani alichimbiwa, nani alichimba, na nani aliachwa na shimo lake. Na kwa sasa, mji ukiwa umepandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, swali hilo limerudi. Mabomba makuu ya miji yetu yamezeeka. Yatarekebishwa, yapende yasipende. Kitu ambacho hatujajadili ni nani atakaa mezani wakati yanachorwa upya.

Turudi nyuma kidogo. Eldoret ilipata maji ya bomba mwaka 1928, kutoka Sosiani. Umeme ulikuja 1933. Maji yakiingia mjini lazima yatoke, na hapo ndipo siasa inaanzia. Miji ya koloni la Kenya ilipangwa kwa fikra ambayo Profesa W. J. Simpson aliiandika waziwazi katika ripoti yake ya miaka ya 1913 na 1914: Mzungu akae kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake, na sababu ikatajwa kuwa ni afya. Kwa hivyo vyoo navyo vikawa na rangi. Mzungu alikuwa na choo cha kuvuta maji na tangi lake uani. Kwenye madukani na kwenye makazi ya wafanyakazi kulikuwa na vyoo vya ndoo, na mtu wa kuzibeba ndoo hizo usiku. Kiswahili kilimpa mtu huyo jina: topasi. Ukifungua kamusi bado utamkuta, amekaa pale kimya kati ya maneno mengine. Hakuna mnara wa topasi mji wowote ninaoujua, lakini kwa miaka mingi yeye ndiye alikuwa mfumo wa majitaka.

Mwaka 1963 bendera ilibadilika, ramani ya mabomba haikubadilika. Mabomba makuu yaliyochorwa kwa ajili ya mji mdogo yalirithiwa na mji uliokuwa unakimbia. Mwaka 1969 Eldoret ilikuwa na watu kama 18,000. Kufikia 1979 walikuwa 50,000 hivi. Sensa ya 2009 ilihesabu zaidi ya 289,000, na ya 2019 zaidi ya 475,000. Viwanda vya nguo vilikuja, Chuo Kikuu cha Moi kikaanzishwa 1984, nyumba za kukodisha zikaota kila upande. Si Eldoret pekee. Nairobi ilijenga mitambo ya Kariobangi mwanzoni mwa miaka ya 1960, halafu mabwawa makubwa ya Dandora kule Ruai mwishoni mwa miaka ya 1970, na kila mara mji ulifika kabla ya bomba. Nchi nzima, sensa ya 2019 ilionyesha kwamba ni kama kaya moja tu kati ya kumi iliyounganishwa na bomba kuu la majitaka. Hizo tisa zingine zina shimo, zina tangi, au zina kichaka.

Sasa bomba lenyewe linazeekaje? Mimi si injinia, chuo chenyewe niliacha kabla ya kumaliza, lakini hili linaeleweka bila digrii. Bomba kubwa la zege haliozi kutoka chini mahali maji yanapopita. Linaoza kutoka juu, kwenye dari. Majitaka yakitembea polepole, uchafu unatulia chini, na bakteria wasiohitaji hewa wanatoa gesi yenye harufu ya yai bovu, haidrojeni salfaidi. Gesi inapanda darini, inakutana na unyevu, na hapo bakteria wa aina nyingine wanaigeuza kuwa asidi ya salfuri, ile ile ya betri ya gari. Asidi inakula zege mpaka nondo zinaonekana. Aliyeonyesha kwamba bakteria ndio wenye kazi hiyo ni mwanasayansi wa Melbourne, C. D. Parker, mwaka 1945. Ndiyo maana barabara huzama ghafla bila dalili yoyote: juu kila kitu kiko sawa, chini dari limebaki ganda. Huko Fraser, jimbo la Michigan, Marekani, bomba kuu liliporomoka mkesha wa Krismasi 2016, shimo kubwa likafunguka na nyumba zikaanza kuingia ndani. Gesi hiyo hiyo ndiyo inayoua vijana wetu wanaoteremshwa kwenye chemba bila vifaa. Mmoja anaanguka, wa pili anaingia kumwokoa, wa tatu anamfuata. Habari hizo tumezisoma mara nyingi mno.

Dawa ya bomba bovu si lazima iwe kufukua mji mzima. Mwaka 1971, kwenye bomba la zamani la Marsh Lane huko Hackney, London, Mwingereza aitwaye Eric Wood aliingiza kitambaa kama soksi ndefu, kilicholoweshwa rezini, akakiacha kikauke ndani mpaka kikawa bomba jipya ndani ya bomba kuukuu. Wazo hilo sasa limezunguka dunia. Kuna njia ya kupitisha bomba jembamba ndani ya pana, kuna ya kupaka dari lililoliwa. Lakini zote zina masharti mawili. La kwanza, majitaka lazima yapewe njia ya kando wakati kazi inaendelea, kwa sababu huwezi kuwaambia watu wa jiji zima wasiende chooni wiki mbili. La pili, ambalo ndilo gumu kwetu, lazima ujue bomba liko wapi, limepinda wapi, nani amejiunganisha nalo, na nini kimejengwa juu yake.

Ramani iliyochorwa ofisini inakuambia kilichokusudiwa, si kilichopo. Kati ya ramani na ardhi kuna miaka hamsini ya watu kuishi. Kuna landilodi aliyejenga nyumba ya ghorofa nne juu ya njia ya bomba. Kuna mifuniko ya chuma ya chemba iliyokwenda kwa wauza vyuma chakavu, biashara ambayo Rais Uhuru Kenyatta aliipiga marufuku kwa muda Januari 2022 wizi wa miundombinu ulipozidi. Mfuniko ukienda, chemba inakuwa pipa la taka, na mvua ya kwanza inaleta kila kitu barabarani. Halafu kuna mifano ya Nairobi ambayo watafiti waliiandika zaidi ya miaka ishirini iliyopita: wakulima wa Maili Saba na Kibera walikuwa wanaziba bomba kuu makusudi, majitaka yapande juu yakanyweshe sukuma wiki. Kwa mhandisi huo ni uharibifu. Lakini ukifikiria, wakulima wale walijua bomba kuliko mtu yeyote City Hall. Walijua lina maji mengi saa ngapi na wapi liko karibu na uso wa ardhi.

Kwa hivyo ujuzi wa bomba kuukuu umetawanyika. Kidogo kiko kwa mhandisi, kidogo kwa fundi aliyestaafu ambaye alikuwa anazibua chemba tangu enzi za manispaa, kidogo kwa mama mwenye kibanda ambaye anajua kila Aprili maji yanatokea pale na si pale. Namna yetu ya kujenga haijawahi kuwaweka chumba kimoja. Utaratibu wa kawaida ni huu: mshauri anapewa kazi ya kuchora, anachora, analipwa, anaondoka. Zabuni inatangazwa. Mwenye bei ya chini anashinda. Mkandarasi anafungua ardhi, anakuta mwamba ambao michoro haikuutaja, anaandika barua kudai nyongeza. Mshauri anasema michoro ilikuwa sawa. Kampuni ya maji iko katikati inashika kichwa. Kazi inasimama, mtaro unabaki wazi, watoto wanauruka wakienda shule. Sote tumeuona mtaro huo.

Waliochoka na mchezo huo walianza kujaribu namna nyingine. Kisa kinachosimuliwa sana kwenye kazi za majitaka ni cha Sydney, Australia. Mji ulikuwa unajiandaa kwa Olimpiki ya mwaka 2000, na kila mvua kubwa ilipopiga, mabomba yalifurika na kumwaga majitaka kwenye bandari yao maarufu. Walihitaji handaki la kama kilomita 20 chini ya ardhi, kwa muda mfupi ajabu. Mwaka 1998 Sydney Water haikutafuta mchoraji kwanza na mjenzi baadaye. Iliwachagua wote pamoja, kwa kuangalia uwezo wao kabla ya bei, wakaweka ofisi moja na bajeti moja ambayo kila upande aliiona. Kazi ikienda vizuri wote wanafaidi, ikienda vibaya wote wanaumia, na walikubaliana wasipelekane kortini. Gharama ilipanda kuliko makadirio ya mwanzo, tusidanganyane. Lakini handaki lilikuwa tayari kabla ya michezo kuanza. Siku hizi miji mingi inayokarabati mabomba makubwa hutumia binamu wa mkataba huo: timu moja inakagua bomba, inachora hatua kwa hatua pamoja na mwenyewe, na bei ya mwisho inakubaliwa baada ya watu kujua kilicho chini, si kabla. Bei isipokubalika, mwenye bomba ana ruhusa ya kuchukua michoro yake na kutafuta mtu mwingine.

Najua Mkenya anayesoma hapa ameshaanza kucheka. Mkandarasi, mshauri na ofisa wa serikali wakae ofisi moja, bila kushindania bei? Hiyo sisi tunaijua, na jina lake si ushirikiano. Kicheko hicho kina haki. Tena kwa sisi wa huku hakihitaji mfano wa mbali. Jirani hapa Elgeyo Marakwet, mabwawa ya Arror na Kimwarer yalitiwa saini mwaka 2017 kwa mkataba uliompa mjenzi kila kitu: kuchora, kununua, kujenga, na hata mpango wa mkopo. Pesa zikalipwa. Mwaka 2019 maofisa wakubwa wakashtakiwa, Desemba 2023 mahakama ikawaachilia, huku hakimu akiulaumu upande wa mashtaka. Miaka yote hiyo ilipita bila bwawa. Mwanakijiji wa bonde la Kerio hakuuliza kama mkataba ulikuwa wa aina gani. Aliona tu kwamba hakuna maji.

Hapo ndipo nadhani somo lilipo. Kuunganisha mchoraji na mjenzi peke yake si ushirikiano, ni kupunguza idadi ya watu wanaojua. Kinacholeta tofauti ni mtu wa tatu na wa nne: mwenye bomba ambaye ana wahandisi wake mwenyewe wanaoweza kubishana, na wakazi ambao bomba linapita chini ya vitanda vyao. Bila hao, meza inakuwa ya kulia.

Na mfano wa meza yenye watu hao tunao hapa hapa Kenya. Agosti 2017, kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru, yaani Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalum la upangaji. Ni kaya kama 100,000 zilizobanana kati ya viwanda, nyingi zikitegemea vyoo vya shimo vinavyozibuliwa kwa mkono. Badala ya kuleta mpango uliokamilika, Muungano wa Wanavijiji pamoja na mashirika zaidi ya 40, vyuo vikuu vikiwemo, waligawana kazi: maji, afya, sheria, fedha, nyumba. Wakazi wakapangwa kwa makundi madogo ya kaya kumi kumi, kisha makundi hayo yakaunganishwa, ili swali la bomba lipite wapi lijibiwe na wale watakaolala kando yake. Walihesabu pia bei, wakakuta mtu wa Mukuru analipa ghali zaidi kwa mtungi wa maji kuliko anachotozwa mtu wa mtaa wa kitajiri kwenye mita.

Kilichotoka humo kwa upande wa majitaka ni bomba la kina kifupi, jembamba, linalopita vichochoroni badala ya kusubiri barabara pana. Wazo lenyewe lilizaliwa Brazil miaka ya 1980, ambako majirani wa mtaa mmoja walikuwa wanakubaliana njia ya bomba uani kwao, na Karachi huko Pakistan, wakazi wa Orangi walikuwa wanajenga mabomba ya vichochoro vyao wenyewe tangu miaka hiyo hiyo. Kichochoro hakipiti lori, kwa hivyo bomba halihitaji kuzikwa chini sana, na kwa hivyo hugharimu kidogo. Mwaka 2020, shirika la Nairobi Metropolitan Services lilipoanza kazi Mukuru, mabomba hayo yalianza kulazwa.

Halafu, mwishoni mwa 2021, matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kufungua barabara. Makumi ya maelfu ya watu walibaki kwenye matope, baadhi yao wale wale waliokuwa wamehudhuria mikutano ya kupanga mtaa wao. Siwezi kusimulia habari njema ya Mukuru bila kusema hilo. Mezani kulikuwa na kiti cha wakazi, na bado mtu mwingine, kwenye meza nyingine, aliamua. Mabomba ya vichochoroni yalionyesha kwamba njia hii inafanya kazi. Matingatinga yalionyesha kwamba bila nguvu ya sheria nyuma yake, kikao ni chai na mandazi tu.

Na sheria tunazo, ndio uchungu wenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya viwango vya usafi vinavyokubalika. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi kama msingi wa utawala. Maji na usafi vimekabidhiwa kaunti, kwa hivyo hatuwezi tena kusema Nairobi imetusahau. Lakini ushirikishwaji tunaoujua ni tangazo gazetini, ukumbi, mtu wa mradi na projekta yake, maswali matatu, karatasi ya kusaini na nauli. Michoro tayari imeshapigwa muhuri. Unaulizwa maoni juu ya kitu ambacho hakiwezi kubadilika.

Kwa bomba kuukuu mpangilio huo si dhuluma tu, pia ni uhandisi mbaya. Ukimleta fundi mstaafu baada ya michoro kumalizika, atakuonyesha kosa wakati kulirekebisha ni mamilioni. Ukimleta kabla, gharama yake ni siku moja ya kutembea naye kando ya mto. Mabomba makuu hufuata mteremko, na mteremko wa Eldoret unaelekea Sosiani. Kutembea huko kukifanywa na mhandisi, mkandarasi, watu wa ELDOWAS na wakazi wa Huruma, Kipkaren na Langas kwa pamoja, kabla mtu hajaandika bei, tutajua mengi kuliko ripoti ya kurasa mia tatu. Kamera ipite ndani ya bomba, watu wapite juu yake.

Pesa nazo ziwekwe hadharani, kila risiti, kwa sababu hiyo ndiyo bei ya kutushawishi tuache kumwamini mwenye bei ya chini. Na kuwe na mtu wa kukataa: kampuni ya maji iwe na haki kwenye mkataba ya kusema bei hii hapana, asante kwa michoro, kwaheri. Mwisho, na hili ndilo linanikaa rohoni, mkataba wa kukarabati bomba kuu useme pia nani ataunganishwa nalo baadaye. Kuliimarisha bomba lililochorwa kwa mji wa watu wachache, kisha kuliacha liwahudumie wale wale, ni kuendeleza ripoti ya Simpson kwa rezini ya kisasa.

Sosiani haikai hapa. Inashuka magharibi, inajiunga na Kipkaren, Kipkaren inaingia Nzoia, Nzoia inaingia Ziwa Viktoria. Chemba ikifurika mjini, kuna mtu huko chini anachota ndoo yake asubuhi bila kujua jiji jipya limesema nini. Huyo hatapata mwaliko wa kikao chochote Eldoret. Kwa hivyo siku tangazo la ukarabati litakapotoka, sisi tulio karibu twende, na swali la kwanza tuulize lisiwe bomba litagharimu ngapi. Tuulize kama michoro imeshamalizika. Wakisema ndiyo, tuwaombe wakaanze upya, na safari hii watutafute kabla ya kushika kalamu.